Kitita cha Usiniguse

Mbegu haiombwi sufuriani. Mmeisikia leo bondeni, mmekuja nayo mbio, na kila mmoja anataka kuuliza kabla ya mwenziwe. Kaeni chini basi. Methali hii ilianza hivi, na tafadhalini msinikatize, maana mkasa wote ulitokea kwa sababu ya mtu mmoja aliyeshindwa kumwacha mwenziwe amalize maneno yake.

Hapa kisiwani petu alikuwako mkulima wa mpunga akiitwa Bi Mkasi. Watu walimwona mkorofi. Hakuwa mkorofi, alikuwa amechoka tu. Mama yake alimwachia mbegu za mpunga aina tisa, na kila aina Bi Mkasi aliifunga kitita cha mashuke kwa ukindu, akakitundika juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Kulikuwa na mpunga wa kukomaa upesi mvua zikiwa haba, na mpunga wa mchangani, na mwingine mlaini aliokuwa akipikiwa uji mzazi. Na kulikuwa na Usiniguse, mpunga wa ndevu ndefu zinazochoma vidole, ganda gumu, mchele mwekundu. Huo peke yake ndio uliokubali kuota kule chini ya bonde, ambako bahari huingia wakati wa bamvua na kuacha chumvi ardhini.

Majirani walikwisha kuachana na habari hizo. Walipewa mbegu mpya ya aina moja, bonde zima, na tusiseme uongo, palipokuwa na maji ya mvua ilizaa vizuri. Zile za zamani wakazipika. Bi Mkasi alipowaambia wabakishe japo kitita kimoja kimoja, wakamjibu, "Kwani wewe mpunga unaula au unaufuga?" Aliwaeleza mwaka wa kwanza, akawaeleza wa pili, wa tatu akaona anampigia mbuzi gitaa, akanyamaza.

Mwaka ule jua lilikuwa kali. Usiniguse ulikauka karibu wote, na Bi Mkasi akavuna kitita kimoja tu. Akakitundika, akamwambia mumewe, "Baba Raya, hiki hakiguswi. Masika yakija, ndicho kitakachorudi bondeni. Kikipotea hiki, kule chini hatulimi tena." Mumewe, Shaame, akaitikia. Kuitikia hakujawahi kumshinda Shaame.

Sasa huyu Shaame alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliomzeesha mkewe. Hawezi kumwona mgeni akapita na njaa. Kwake mgeni alikuwa haulizwi haja yake mpaka ale, na akishakula abembelezwe aongeze. Alipata kumchinjia mpita njia kuku aliyekuwa akiatamia mayai, na mkewe akakesha na yale mayai kayafunika kwa kanga.

Wiki tatu kabla ya masika, asubuhi, akaja Bwana Khatib, mtaalamu wa mbegu kutoka mjini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kisiwa kizima kukusanya mipunga ya kienyeji, kuichunguza na kuihifadhi isipotee. Usiniguse alikuwa ameuulizia vijiji kumi na tatu, na kote alipewa jibu lile lile: tulikuwa nao, tukaula.

"Nimekuja kuutafuta mpunga wa Usiniguse," akamwambia Shaame baada ya salamu. "Nimeambiwa umebaki hapa kwenu tu. Ninachoomba ni..."

"Umeshaupata," Shaame akamkata. "Haja haielezwi mtu akiwa na njaa, bwana. Mwenye mpunga yuko bondeni, nenda kamsalimie. Mkirudi tutazungumza."

Bwana Khatib akashukuru, akashika njia. Shaame akaingia jikoni. Msidhani alisahau kwamba kitita kile hakiguswi. Alikumbuka vizuri sana. Alijiambia tu kwamba agizo lile ni la siku za kawaida, na huyu ni mgeni aliyetoka mjini kwa ajili ya mpunga huo huo, sasa kumwekea mchele wa dukani si aibu hiyo? Akakishusha. Akautwanga mwenyewe, mtu ambaye tangu azaliwe hajashika mchi. Ndevu zikamchoma, ganda likamgomea, nusu ya punje zikarukia uani. Akapeta ovyo, mikono ikamuuma, akasema basi yatosha, akaupika kwa nazi.

Kule bondeni Bi Mkasi alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu. Amepata mtu anayeuliza na kuandika anachojibiwa. Njia nzima ya kurudi alimweleza kila mbegu na tabia zake, ipi yapenda tope na ipi haitaki, ipi ndege wanaiogopa.

"Punje hamsini zanitosha, mama," Bwana Khatib akasema. "Nitazitunza penye baridi. Zako zikipatwa na jambo, zitakuwapo zile."

"Nitakupa mia," akasema Bi Mkasi.

Walipofika waliona mkeka umetandikwa na sinia ya wali mwekundu imewekwa katikati. Bi Mkasi akaitazama sinia. Akaenda jikoni, akatazama juu ya meko, akaona ukindu unaning'inia mtupu. Akarudi.

"Baba Raya," akasema taratibu, "umepika nini?"

"Nimempikia mgeni alichokifuata."

"Kafuata mbegu."

"Hakusema mbegu."

"Ulimwacha aseme?"

Mgeni kwa haya akaanza kusema kwamba kosa ni lake pia, Bi Mkasi akamwambia, "Mwanangu, wewe kaa kimya, hili lina mwenyewe."

Shaame akakimbilia jikoni, akatoka na sufuria kaikumbatia. "Haujaisha," akasema. "Umebaki ukoko. Na tazama, mke wangu, hizi hapa zina maganda yao, sikuzitwanga zikatwangika. Chuya hizi si mbegu?"

Bi Mkasi akamtazama mume aliyeishi naye miaka thelathini na mmoja. Alitaka kulia, akataka kucheka, vyote viwili vikamshinda kwa uchovu. "Zimechemka hizo, bwana wee. Zitaotaje? Mpunga wa mama yangu umo humo ndani na nazi. Mbegu haiombwi sufuriani."

Akatoka uani ili asiseme zaidi. Akasimama pale akiwatazama kuku wanavyoparua penye kinu, na ndipo lile neno la chuya likamrudia. Mtwangaji aliyeacha chuya mpaka ndani ya sufuria, chini kaacha nini? Akawatimua kuku, akapiga magoti, akaanza kuchambua pumba kwa vidole. Bwana Khatib akaja akapiga magoti upande wa pili. Shaame akaja pia, akaambiwa asikanyage, akakaa palipoonyeshwa. Wali ukapoa bila mtu kuugusa.

Mpaka alasiri walipata punje kumi na tisa zenye maganda mazima. Mbili zilikuwa katika ufa wa kinu, na moja Shaame aliikuta kwenye mkunjo wa mkono wa shati lake.

"Ungekuwa wajua kutwanga," Bi Mkasi akamwambia, "hata hizi tusingezipata." Hiyo ndiyo sifa pekee aliyoipata Shaame siku ile.

Bwana Khatib aliona haya kuomba. Bi Mkasi akamhesabia saba, akamtilia katika karatasi yake. "Chukua uende nazo mbali," akasema. "Mimi hapa nina mume."

Zile kumi na mbili alizioteza katika chungu kilichovunjika mdomo. Zikaota tisa, akazipeleka chini ya bonde, na Shaame akapewa kazi ya kulinda ndege juu ya dungu msimu mzima. Wageni wakija walimwamkia wakiwa chini, naye akiwa juu akawaitikia, akawaambia wende salama.

Masika ya nne Usiniguse ukajaa shamba lake. Mwaka huo huo bamvua kubwa likaingia bondeni, mbegu mpya ikaungua kwa chumvi, na majirani wakaja na nyungo zao mlangoni kwa Bi Mkasi. Aliwapa, lakini aliwasema kwanza, tena sana. Alipomaliza kugawa, kilibaki kitita kimoja juu ya meko.

Wiki ile ikaja posa ya Raya, binti yao. Wakwe walitoka mbali, watu wazito, na nyumba imejaa shughuli. Jirani mmoja akasema haitopendeza kuwapa wali mweupe kama wa kila mtu, akanyoosha mkono juu ya meko achukue kile kitita. Shaame akaingia katikati, akaushika ule mkono.

"Wakwe watakula mhogo," akasema. "Wakinuna, na wanune."

Bi Mkasi, aliyekuwa akikuna nazi, akaacha kukuna. Hakuamini kwamba yule ni Shaame.

"Kitita kimoja tu, Mzee Shaame," jirani akasema. "Si utapata mbegu kwingine?"

"Niliwahi kuitafuta kwingine," Shaame akajibu. "Mbegu haiombwi sufuriani."