Nishani ya Babu na Majivu ya Jikoni

Bwana Luoga alikuwa na kabati la vioo lililojaa beji, alama za vyeo na nishani za vita. Alikosa moja tu, ile ya fedha ambayo marehemu babu yangu alirudi nayo kutoka Burma. Nasi tulikuwa wapangaji wake.

"Kesho naijia," alimwambia bibi yangu, Bibi Nambinga. "Ukininyima, tafuteni nyumba nyingine."

"Karibu, baba. Nani wa kukunyima wewe?"

Alipoondoka, bibi alinipa nishani, nyeusi tii. "Mama Tulizo, hatumpi mgeni kitu kichafu. Isugue."

Niliisugua kwa majivu na ndimu asubuhi nzima, mtoto mgongoni, mpaka ikang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikajiona fundi. Bwana Luoga alipofika nilimkabidhi kwa mikono miwili, nimepiga goti.

Akashika kichwa. "Nani kaisugua? Ule weusi ndio uzee wenyewe, ndio thamani yake! Wenzangu wakiiona kabatini watanicheka!"

"Ni mimi, baba," nikasema, nikaangua kilio.

Akapoa. "Basi mama, usilie, hukujua. Kaeni nayo. Na nyumba kaeni."

Alipokwenda zake nikamwangukia bibi. "Nisamehe, nimeiharibu!"

Bibi alikuwa akiibandika kifuani pake. "Umeharibu nini? Babu yako alipokuwa hai aliisugua hivyohivyo kila Jumapili."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelia vile?"