Jina la Ua Lisilo na Majani

Kaeni vizuri, na mwenye kicheko akimalize sasa. Hadithi hii nilipoisimulia mara ya mwisho, mtu na mkewe waliondoka kila mmoja kwa njia yake.

Huko Upare juu, kwenye ukungu, waliishi ndugu watatu wa tumbo moja. Mbonea, mkubwa wao, alikuwa na jicho: alimwona kinyonga pale ambapo wenzake waliona majani tu. Nakijwa, dada yao wa kati, alikuwa na mkono: kila alichopanda kilishika. Kajiru, kitinda mimba, fundi saa, alikuwa na utulivu: angeshika skrubu ndogo kuliko chawa na asitetemeke hata kidogo.

Siku moja wapasua mbao waliangusha mti mkubwa wa mwisho bondeni. Watu wakakimbilia kuni. Mbonea akasimama tu, anatazama tawi. Palikuwa na kishada cha mizizi ya kijivu kimekumbatia gome, bila jani hata moja.

"Mzee, hiyo mizizi imeshakufa," wakamwambia.

"Iko hai. Tazameni ncha zake, ni za kijani."

Ilikuwa okidi, ua liotalo juu ya miti, ndogo ya kuenea kiganjani. Walizunguka msitu mzima wasipate nyingine. Bila jicho la Mbonea, ingeishia jikoni kwa mtu.

Nakijwa akaipokea. Majirani wakamshauri aipande kwenye kopo la udongo. "Kitu kilichozaliwa hewani, mnataka nikizike?" akawauliza. Akaifunga pamoja na gome lake kwa kamba ya mgomba, akaining'iniza barazani penye kivuli na upepo. Aliinyunyizia maji ya mvua asubuhi, mizizi ikawa kijani. Iliporudi kuwa kijivu, ndipo alipojua imekauka na yafaa kupewa tena. Mwaka wa pili ikatoa maua meupe, madogo kama punje za mchele. Bila mkono wa Nakijwa, isingemaliza mwezi.

Lakini maua yalinyauka bila kuacha mbegu, maana nondo waliokuwa wakiyatembelea walitoweka pamoja na miti. Mwaka wa tatu Kajiru akaweka lenzi jichoni, akachukua chavua kwa ncha ya mwiba, akaihamisha kutoka ua hadi ua. Saa nzima hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Ua moja likashika, likafunga tunda jembamba la mbegu. Bila utulivu wa Kajiru, kizazi cha ua lile kingekatika.

Mtaalamu wa mimea, Bi Tunu, akapanda mlima kuja kuiona. Akachuma ua moja, akalikausha kati ya karatasi.

"Hii haimo katika kitabu chochote," akasema. "Nitaipa jina la mmoja wenu. Mmoja tu. Kubalianeni. Tunda likiiva nitarudi, na jina hilo litadumu."

Laiti angenyamaza!

"Niliiona mimi," alisema Mbonea. "Na macho yangu sasa yanaingia giza. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichokiona sawasawa."

"Mbegu ni kazi yangu," alisema Kajiru. "Miaka thelathini natengeneza saa za watu, zote zina majina ya wengine."

Nakijwa alisema wa mwisho. "Kaka, una wajukuu wawili wanaoitwa Mbonea. Kajiru, nawe mwanao amempa mtoto wake jina lako. Mimi sikuzaa. Nikishafukiwa, nani ataitwa Nakijwa?"

Ndugu zake wakainuka, kila mmoja akaenda zake. Swali lile linaniuma hata mimi ninayesimulia tu.

Wakanuniana. Mbonea, ili mgeni amkute yeye ndiye mlezi, akaanza kuimwagia maji kila alfajiri. Kajiru naye akaimwagia kila jioni. Nakijwa akaona mizizi hairudi tena kuwa kijivu, naye ndiye aliyejua maana yake kuliko wote. Je, aliwaambia? Wapi! Akaichukua ikiwa bado inachuruzika, akaifungia chumbani mwake, mlango na dirisha, ili mikono yao isiifikie. Mmea unaoishi kwa upepo! Siku ya tano chumba kikanuka. Mizizi ilikuwa uji wa kahawia, na tunda limeanguka bichi.

Bi Tunu aliporudi alikuta gome tupu. Alikaa kizingitini akalia bila aibu. Kisha akafungua mkoba, akatoa lile ua kavu.

"Sijui kama kuna jingine duniani," akasema. "Lakini lazima niliandike, ijulikane kwamba liliwahi kuwepo. Nipeni jina moja."

Wote watatu wakajibu kwa pamoja: "Langu."

Mimi nimeishia hapo. Kalamu ya Bi Tunu nakukabidhi wewe, karatasi hiyo mbele yako, nao wamesimama wanakutazama. Je, ungeandika jina la nani? Na kama si la Nakijwa, ungemwambia nini usoni?