Bi Sikio na Gari la Kikapu

Uani mwa hospitali mpya, gari la kikapu lilisimama likimeta kama bwana harusi. Mkono wake mrefu wa chuma ulikuwa umekunjwa mgongoni, na kikapu cha kupandishia mafundi kimetulia mwishoni mwa mkono huo. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliyekabidhiwa gari alikuwa mwanamke. Miaka minne alikuwa amekula vumbi akishika kamba chini huku wenzake wakipaa. Akasomea, akafaulu.

Tangu mafunzoni walimbandika jina la Bi Sikio. Hakukubali kuikunjua miguu minne ya chuma inayolizuia gari lisipinduke mpaka azunguke akigonga ardhi kwa nyundo, kigae kwa kigae, kichwa amekiinamisha kama daktari anayepima kifua.

"Shemeji, mgonjwa anaendeleaje?" aliuliza mdogo wa mumewe, fundi rangi ambaye ndiye angepanda naye kikapuni. "Usiku alilala vizuri?"

"Subiri zamu yako. Nikimaliza hapa nakupima kichwa."

Mafundi wakaangua kicheko. Lakini pale ambapo mguu wa nyuma ungekanyaga, nyundo ilibadili sauti. Badala ya ko, ikasema bu. Akarudia. Bu.

"Hapa hatusimami," alisema.

Msimamizi akaja mbiombio, jasho likimtiririka. Wageni wa ufunguzi walikuwa njiani, na ukuta wa juu ulikuwa bado una viraka.

"Kigae kimoja tu, mama. Mbona gari limelala hapa juma zima?"

"Limelala juu ya magurudumu, mkuu, mkono umekunjwa. Nikiunyoosha huku tukiwa wawili juu, uzito wote unaulemea mguu huu."

"Basi sikia. Usipopanda sasa hivi, namwita dereva wa zamani, na gari hili hutaligusa tena."

Miaka minne ingeyeyuka kama chumvi majini, tena mbele ya watu. Akamtazama shemeji yake, aliyekuwa akikaza mkanda wa usalama kiunoni, ameacha kucheka. Huyu akianguka, mama mkwe angeambiwa nini?

"Mwite," alijibu taratibu. "Ila kwanza nipeni mtaimbo."

Kigae kiling'oka kama jino bovu. Chini yake hapakuwa na mchanga. Bomba lililopasuka lilikuwa limeusomba wote, likaacha shimo jeusi. Fundi rangi akadondosha jiwe. Wakasubiri. Kisha, mbali kule chini, wakasikia chubwi.

Msimamizi akavua kofia yake ngumu.

"Ningewaua," alisema. "Mama, nifundishe kugonga."

Bi Sikio alilihamishia gari kwenye zege, akatandika mbao nene chini ya kila mguu, akafunga mkanda wake kikapuni na kukagua wa shemeji yake mara mbili. Mkono ukanyooka polepole, wakapaa. Kule juu, kijana alishindwa kuzuia ulimi.

"Mnamwona huyu?" aliwapazia sauti mafundi waliokuwa wameinua nyuso. "Huyu ni mke wa kaka yangu."

"Paka rangi," akasema Bi Sikio, ingawa tabasamu lilikuwa limemfika masikioni.

Wageni walipoingia walikuta ukuta ambao haujamalizika, na msimamizi amepiga magoti uani na suti yake, akigonga kigae kimoja kimoja huku akisikiliza. Hakuwa akiona haya hata kidogo. Alikuwa ameshajua kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende.