Kofia Moja na Pijo la Ijumaa

Piii!

Honi ililia mara moja tu usiku, ikanyamaza. Bi Mwanakombo aliamka, akatia miguu katika makubadhi, na alikuwa ameshafika mlangoni alipokumbuka: aliyekuwa akipiga honi mara moja kila akirudi nyumbani, walimzika mwaka jana. Bandani hapakuwa na mtu. Lilikuwepo lile Pijo jeupe tu, gari la marehemu mumewe, limetulia kama halikusema kitu.

Siku hiyo, kukicha, ndipo gari lilipokuwa lipimwe. Bi Mwanakombo alikuwa anahama Tanga kwenda Korogwe kwa bintiye, na bintiye anakaa ghorofani, na gari halipandi ngazi. Wanunuzi walikuwa wawili. Wa kwanza alinunua vyuma chakavu. Alishafika na mizani yake, akaikalia pale getini. Wa pili, Bwana Lyatuu, alikuwa njiani kutoka Moshi. Huyo alikusanya magari ya zamani na kuyatunza. Likionekana zima, gari litakwenda Moshi kwa magurudumu yake. Likionekana bovu, litakatwa vipande na kuuzwa kwa kilo.

Kwa hiyo Bi Mwanakombo aliwaita watu watatu wanaosifika mjini kwa kujua magari. Semboja alikuwa na sikio: gari likikata kona ya mtaa wa pili, anakwambia plagi ipi imechoka. Mwanvita alikuwa na kidole: akipapasa bodi amefumba macho, anajua palipo na chuma na palipo na puti, ile lipu ya kuzibia matundu. Hoza alikuwa na pua: akiingiza kichwa dirishani, anajua gari limelala wapi na limebeba nini.

"Sina makubwa," aliwaambia. "Ila atakayelinusuru gari hili na mizani ile, kilemba chake cha shukrani ni hiki."

Akatoa kofia ya viua. Aliishona mwenyewe, kitundu kwa kitundu, mumewe akiwa safarini, na haijawahi kuvaliwa na kichwa kingine ila cha marehemu.

Bwana Lyatuu akafika. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi. Akapitisha kidole mlangoni, akakitazama. Akafungua mlango, akavuta pumzi, akaufunga. Uso wake nao ukajifunga.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Asante. Nitasema kweli, usinichukie. Injini ya moto! Gari linalopashwa kabla mnunuzi hajafika linaficha homa. Bodi imepakwa mafuta, inaficha majeraha. Na humo ndani kumefukizwa udi, unaficha harufu ya tope. Hilo limewahi kulala kwenye maji. Mimi hapa naona bei ya chuma."

Kule getini, mtu wa mizani akasimama akajinyoosha.

Tangu alfajiri Bi Mwanakombo alikuwa akiliandaa gari lile kama bwana harusi. Aliliwasha lipate joto, akalisugua kwa mafuta ya nazi, akalifukiza kwa udi wake wa akiba.

"Mgeni ametoka Moshi," alisema taratibu, "nimpokee na gari la baridi, limepauka, halina hata harufu? Ningekutazama vipi usoni?"

Bwana Lyatuu akaigusa tena boneti; ilikuwa bado ya moto.

"Basi na lipoe," akasema Semboja. "Leteni kahawa."

Wakanywa kahawa na haluwa, mpaka boneti ikakubali kiganja. Semboja akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akautia sikioni. Bi Mwanakombo akazungusha ufunguo. Injini ikaitika mara ya kwanza. Semboja akafumba macho kama anayesikiliza taarabu.

"Vali moja inanong'ona," alisema. "Pistoni zote zinaimba. Hiyo vali ni kazi ya asubuhi moja." Bwana Lyatuu akaomba ile bisibisi, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali.

Mwanvita hakuomba chombo ila kitambaa. Akafuta mafuta ya nazi, akafumba macho, vidole vikatembea: chini ya milango, pembezoni mwa madirisha, kwenye mikunjo ambako kutu hupenda kutaga mayai. Juu ya gurudumu la nyuma, kushoto, vikasimama.

"Hapa pana puti, ukubwa wa chapati," alisema. "Kwingine kote ni chuma chake cha kuzaliwa." Bwana Lyatuu akagonga kwa ukucha. Kote palilia ti, ti, ti. Pale penye puti palilia du.

Hoza akainua mazulia, akalala kifudifudi sakafuni mwa gari, miguu nje.

"Ukisinzia humo tutakuuza pamoja nalo!" Semboja akamchokoza.

Akatoka na vumbi puani. "Udi hukaa juu, tope hukaa chini. Na huko chini nimenusa vumbi kavu na maganda ya machungwa. Maji hayajalala humu hata siku moja. Ila nyuma ya usukani kuna waya umeungua, unagusana. Ni wa honi."

"Ndiyo iliyolia usiku?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Ndiyo hiyo, mama."

Bi Mwanakombo akageukia ukutani kidogo, akarekebisha mtandio wake.

"Watu hawa wamenionyesha kasoro tatu bila kuulizwa," alisema Bwana Lyatuu. "Nikiwakatalia uzima wa yaliyobaki, mwenye hila nitakuwa mimi." Akataja bei ya gari zima, akatoa humo gharama za vali, puti na waya tu. Bi Mwanakombo akaipokea bila kuongeza neno. Mtu wa mizani akabeba mizani yake. "Basi hata sufuria kuukuu hamna?" akauliza.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Gari ni injini," alisema Semboja. "Kofia yangu."

"Injini bila bodi utaiendesha umekaa wapi?" alidakia Mwanvita.

"Wewe utaivaa juu ya mtandio?" alisema Semboja.

"Nitaitundika ukutani. Wewe na kipara chako utaitia jasho tu."

"Na maji je?" aliuliza Hoza. "Lau nisingenusa, injini na bodi zote zingekuwa za mafuriko."

Bwana Lyatuu akacheka, kisha akatulia. "Gari lililoachwa mwaka mzima haliitiki mara ya kwanza. Nani alikuwa akiliwasha?"

"Mimi," alisema Bi Mwanakombo. "Kila Ijumaa. Kuendesha sijui. Mwenyewe alinifundisha kuwasha tu, nimpashie gari wakati anavaa kanzu. Alipoondoka, sikuweza kuacha."

Watatu wale wakatazamana. Lisingewashwa, wangepima nini?

"Mwenyewe" ndivyo alivyomwita mumewe tangu harusi. Jina lake hakulitamka hata siku moja, akiwa hai wala kaburini, kwa heshima aliyofunzwa na mama yake.

Bwana Lyatuu akaingia nyuma ya usukani. "Mama, njiani watu watanisimamisha. Wakiniuliza gari hili lilikuwa la nani, niwajibuje?"

Bi Mwanakombo akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Waambie," alisema, "lilikuwa la Mbaruku."

Gari limekwenda, kofia imebaki mikononi. Sikio, kidole, pua, au mkono wa kila Ijumaa: nawe uliyesikia yote, ungemvika nani?