Landrova ya Mzee Shekiondo

“Mpa gari habaki na ufunguo.” Jana mjomba wenu alimletea shangazi redio, kisha akaketi papo hapo kumchagulia stesheni, na shangazi akamtupia methali hiyo. Mkaangua kicheko bila kujua mnachekea nini. Sogeeni basi, niwape asili yake.

Huko Kwembago, kwenye milima ya Usambara, alikuwako mkulima wa kabichi aitwaye Mzee Shekiondo. Alikuwa na Landrova kuukuu iliyopanda milima kuliko magari mengi mapya. Macho yake yalipopungua nguvu, akaamua kuitoa kwa Kikundi cha Huruma, akina mama waliojitolea kuwafikisha wagonjwa hospitali. Mpaka wakati huo walikuwa wakiwabeba kwa machela.

Siku ya kukabidhi gari ilikuwa sherehe. Ngoma ililia, pilau likaliwa, na mwenyekiti wa kikundi, Bi Nehema, aliyewahi kuendesha trekta katika shamba la chai, akashukuru hadi machozi yakamtoka. Hotuba zilipokwisha, Mzee Shekiondo akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa koti lake, akaenda zake nyumbani. Watu walidhani amesahau. Hakusahau hata kidogo.

Tangu hapo, gari lililala kwenye uwanja wa kikundi na ufunguo ukalala kwa mzee. Mwenye mgonjwa ilibidi aende kumbembeleza kwanza. Mzee aliuliza nani anaumwa, tangu lini, nani atakaa mbele, na kama wamefuta matope miguuni. Hakuwa na roho mbaya. Wanawe wote walikuwa wamehamia mjini, na kusema kweli alipenda kupigiwa hodi. Akina mama walivumilia, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Asubuhi moja mzee alishuka bondeni kwenye kabichi zake. Alipoinama kung'oa magugu, kifutu akamuuma kwenye kifundo cha mguu. Mguu ukaanza kuvimba akiutazama. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia kijijini, naye alikuwa nayo, akampigia Bi Nehema.

“Leteni gari, mama. Nimeumwa na nyoka.”

“Gari lipo, baba. Ufunguo uko wapi?”

Mzee akapeleka mkono mfukoni. Ulikuwa pale pale pa siku zote.

“Ninao mimi,” akasema.

“Basi kaa chini, usitembee. Tunakuja.”

Mzee akajikokota hadi kando ya barabara, akaketi. Alijua kwamba mtu akishuka kwa miguu kuchukua ufunguo, kisha aupande tena mlima ule, sumu itakuwa imemmaliza. Pikipiki za abiria zilikuwa bado hazijafika huko. Akatega sikio asikie mlio wa Landrova yake, mlio alioujua kuliko sauti za wanawe. Hakusikia kitu. Hofu ikamwingia, akaanza kusali.

Mara gari likatokeza kwenye kona, kimya kabisa, magurudumu tu yakisaga kokoto. Bi Nehema alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Nyuma yake walipanda wanawake wanne, kila mmoja amekumbatia jiwe la kuzuia gurudumu, breki zikigoma. Walikuwa wamelisukuma gari hadi nje ya uwanja, wakauachia mteremko uwafanyie kazi, na barabara ilipokuwa tambarare wakashuka, wakasukuma tena. Mzee alicheka na kulia kwa pamoja.

Gari lilisimama mbele yake. Bi Nehema akanyoosha mkono dirishani.

“Ufunguo, baba.”

Akampa. Injini ikawaka mara moja, wakampakia nyuma juu ya magunia, na Landrova ikaupanda mlima ikinguruma. Safari ile mzee hakumwelekeza mtu yeyote jinsi ya kuendesha. Walifika hospitali mapema, akatibiwa, mguu ukapona, na uhai ukabaki.

Alipoletwa nyumbani, Bi Nehema akaweka ufunguo mezani kwake kama kawaida. Mzee akakataa kuugusa. Akaomba watu wote wa sherehe ile waitwe tena, akasimama mbele yao kwa mkongojo.

“Siku ile niliwapa bati na magurudumu,” akasema. “Gari ninawapa leo. Mpa gari habaki na ufunguo.”

Akautia mkononi mwa Bi Nehema mwenyewe, na vigelegele vikasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Wala msidhani alibaki mpweke. Kila gari lilipopita kwake, Bi Nehema alipiga honi, na mzee alitoka mlangoni kuwapungia akiwa na furaha isiyofichika.

Kwa hiyo mjomba wenu akirudi kuigusa ile redio, msimzuie shangazi kusema. Mpa gari habaki na ufunguo.