Fito za Salehe Shekivuli

Ardhi iliyochipusha fito haishindwi na mbegu.

Mliisikia jana kwenye posa kwa kina Mdoe, mshenga alipoitoa mbele ya wazee, nanyi mkacheka kama watu walioelewa. Leo ndio mnakuja kuniuliza ilitoka wapi. Haya, kaeni wajukuu zangu, ila mikono iendelee kuosha karoti, maana gari la sokoni halisubiri hadithi ya bibi yenu. Methali hii haikuletwa na wageni. Ilizaliwa hapa hapa bondeni kwetu, na mama yangu alikuwepo, tope likiwa limemfika magotini. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mtu akiitwa Salehe Shekivuli. Mashamba ya baba yake yaligawanywa kwa ndugu mpaka yakaisha, na yeye kitinda mimba akabaki na jina tu. Kwa hiyo alishuka kutoka huku mlimani kwenda tambarare kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Akakaa huko miaka mingi, akija nyumbani siku ya Idi na kuondoka kabla pilau halijapoa. Mkewe, Mwanamkuu, alilima vibarua peke yake, akaugua peke yake, akamzika mama mkwe wake bila mume kuwepo. Mwaka mmoja Salehe aliporudi, mkewe alimwandalia chakula, akangoja ashibe, kisha akamwambia, "Mume wangu, nimechoka kuwa mjane wa mtu aliye hai."

Salehe hakuwa mtu mbaya, na neno lile lilimwingia. Asubuhi yake akaenda kwa Mzee Shemhilu, mwenye makonde ya huku bondeni, akamwomba konde la kukodi. Mzee Shemhilu alikuwa mtu wa haki, lakini mgumu. Alimpa konde dogo kando ya ndiwa, kwa ada ya kapu la kwanza la mavuno, na kwa sharti lile lile alilompa kila mtu.

Nyinyi mliozoea bomba, ndiwa ni bwawa la udongo. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakapita mferejini, kila konde kwa zamu yake. Kila mwaka baridi ya kipupwe inapoanza kukatika, wenye makonde wote huingia ndani ya ndiwa kuzoa tope. Na sharti la Mzee Shemhilu lilikuwa hili: siku ya tope, konde lisiloota kitu hurudi kwa mwenyewe na kupewa mwingine. Maji yalikuwa machache, na waliongojea makonde walikuwa wengi.

"Nikilikosa hili sina pengine," Salehe alimwambia mkewe. "Itabidi nirudi mkongeni."

Mwanamkuu alikwenda kutafuta jembe.

Basi walilima, na nawaambieni walilima hasa. Waling'oa magugu yaliyoota mizizi kama kamba za katani, wakachanganya samadi, wakainua matuta. Baridi ilikuwa bado inauma asubuhi, lakini kufikia mchana jua lilikuwa linaanza kuwa na maana, na ndege walikuwa wamerudi kupiga kelele. Salehe alikuwa anaimba. Mama alisema sauti yake ilikuwa mbaya, ila aliimba kwa moyo, na watu wakamvumilia.

Akapanda maharage ya kutambaa. Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mkono uliozoea kazi moja haubadiliki kwa siku moja. Huko mkongeni, mche ukishatiwa shimoni hushindiliwa udongo kwa kisigino mpaka usitikisike. Salehe akafanya vivyo hivyo kwa maharage. Akachimba mashimo marefu, akatumbukiza mbegu, akafukia, kisha akapita tuta kwa tuta akikanyaga kila shimo kwa kisigino, tena kwa nguvu, kama mtu anayezima moto. Mwanamkuu alikuwa amefuata samadi. Aliporudi aliona matuta yamekuwa magumu kama sakafu, akadhani ni kwa kupitapita tu.

Halafu kuna hizo fito. Wenzake wote walingoja maharage yatoke ndipo wachomeke fito za kutambalia, nazo huwa fito kavu. Salehe kwa furaha yake hakungoja. Alikata matawi mabichi ya mibono, miti ile ya kuzungushia ua, nyumbani kwake, akaichomeka siku ile ile, mistari imenyooka kabisa kama ya shamba la mkonge. Watu walikuja kuitazama. Bonde hili halikuwahi kuona mistari ya namna ile, wala maharage yaliyochelewa namna ile.

Kwa majirani maharage yakatoka, yakafunua majani mawili mawili. Kwa Salehe, kimya. Akamwagilia, kimya. Kila alfajiri alikuwa anachutama pale kondeni akikodolea macho udongo, mpaka watu wakaanza kumwonea huruma. Nyimbo zikakoma.

Asubuhi moja akarudi nyumbani mbio. "Mwanamkuu! Njoo! Yametoka! Nimeona kijani tangu kule kwenye mfereji!"

Mwanamkuu akaacha uji motoni, akakimbia naye. Alipofika akasimama, akatazama mstari wa kwanza, akatazama na wa pili.

"Mume wangu," akasema polepole, "hayo ni majani ya mbono."

Zilikuwa zimechipua fito. Kila moja ilikuwa na vijani vyake juu, viking'aa kwa umande, na chini yake hakuna hata harage moja. Mwanamkuu alijizuia, akashindwa, akakaa juu ya tuta na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Salehe alinuna kwanza, kisha naye akaangua kicheko. Uji uliungua. Kufikia adhuhuri bonde zima lilikuwa na habari, na kila apitaye alimuuliza, "Bwana Fito, mavuno lini?"

Walicheka, ndiyo, lakini siku ya tope ilikuwa inakuja, na wote wawili walilijua hilo.

Ilipofika, watu waliingia ndani ya ndiwa na majembe na karai. Mzee Shemhilu akawa anapita konde kwa konde na fimbo yake, mpaka akasimama kwa Salehe. Kazi ikapungua, masikio yakasimama.

"Salehe, mwanangu."

"Naam mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Naona umenijengea ua. Maharage yako wapi?"

"Yamo ardhini, mzee."

"Hata marehemu baba yangu yumo ardhini," alisema Mzee Shemhilu, "nami simngojei kwa chakula cha mchana."

Watu wakacheka. Mmoja wao akataka kumtetea, akasema, "Lakini mzee, si kuna kijani? Kimeota kitu hapo!"

"Mbono hauliwi hata na mbuzi. Mimi nimekodisha konde la chakula." Kisha sauti yake ikashuka. "Salehe, sikuchukii. Ila mwaka jana nilimnyang'anya mtu konde kwa sharti hili hili. Nikikulegezea wewe, yeye nitamtazama vipi?"

Salehe alilaza jembe chini. "Haki yako, mzee. Nitashuka mkongeni."

Mama yangu alisimama ndani ya ndiwa karibu na Mwanamkuu, na alimwona uso ukimbadilika. Mwanamkuu alitua karai lake la tope, akapanda ukingoni, tope likimchuruzika.

"Mzee, naomba neno moja."

"Sema, mwanangu."

"Fito zile zimekatwa kwa panga. Hazina mizizi wala hazina kokwa. Nyingine huyu mume wangu amezichomeka kichwa chini, miguu juu, nimeziona mwenyewe." Watu wakaguna kwa kicheko. Yeye hakucheka. "Nazo zimechipua, mzee. Ardhi iliyochipusha fito, itashindwa na mbegu?"

Mzee Shemhilu alikuwa mgumu, lakini alikuwa mkulima kabla ya kuwa mwenye makonde, na swali lile lilikuwa la mkulima. Akaingia kondeni, akapiga magoti kwa shida, akagonga tuta kwa vidole kama mtu anayebisha hodi.

"Nani ameshindilia hapa?"

"Mimi, mzee," alisema Salehe. "Kwa kisigino. Mkonge ndivyo tunavyoushindilia."

"Mkonge!" Mzee Shemhilu akakaa kitako pale pale, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Ewe kijana, hukupanda maharage, umeyazika!"

Akachukua kijiti, akavunja ukoko wa udongo taratibu. Chini yake palikuwa na shingo nyeupe za maharage, zimejikunja, zimebana migongo chini ya ule udongo mgumu, zinasukuma. Akavunja pengine, na pengine, kote zilikuwepo. Akakaa kuzitazama, na kicheko kikamwisha.

"Sharti langu ni konde lisiloota," alisema. "Hili limeota. Limefungiwa mlango tu."

Akageukia ndiwa na kupaza sauti, "Acheni tope hilo! Njooni mfungue mlango!"

Wakaja wote na matope yao, mama yangu miongoni mwao, wakachutama tuta kwa tuta wakilegeza udongo kwa vidole, huku wakimtania Salehe kwa kila shimo. Jioni konde lilikuwa na mistari ya miche myeupe iliyoduwaa kama wagonjwa waliotolewa nje kuota jua. Baada ya siku chache ikawa kijani, ikaanza kutambaa. Msimu ule Salehe alipogoa fito zake kuliko alivyopalilia maharage, maana mibono nayo haikukubali kunyamaza.

Maharage yalipoanza kutoa maua, lori la mkonge lilipanda mlimani kuchukua wafanyakazi, kama ilivyokuwa kawaida. Likasimama barabarani juu ya bonde, likapiga honi. Wanaume wakaanza kupanda njia na mafurushi yao. Mwanamkuu akaacha kulima. Honi ile ilikuwa imemchukulia mume mwaka baada ya mwaka, na mwili wake uliijua. Salehe alikuwa amechutama kwenye tuta la mwisho, anafungia mche kwenye fito kwa kamba ya mgomba.

Honi ikalia tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Mwanamkuu," alisema Salehe bila kuinua kichwa, "niletee kamba nyingine. Huu nao umeshafika juu."

Mama alisema Mwanamkuu alilia waziwazi mbele ya watu, akicheka papo hapo, na kamba aliipeleka. Lori likaondoka. Tangu siku ile, mtu wa bonde hili akimwona mwenzake amelaza jembe kabla ya wakati, humshika bega na kumwambia: ardhi iliyochipusha fito haishindwi na mbegu.