Kwa Nini Makubuni Hunywa Chai ya Moto Wakati wa Joto

Nyinyi mnaokunja uso kwa kuwa mmepewa chai ya moto jua likiwa utosini, hebu tueni vikombe msikilize. Chai hiyo mnayoibeza ilizaliwa na dhuluma. Mimi sikuwepo, lakini kila nikiisimulia dhuluma ile damu hunichemka.

Hapo kale, hapa Makubuni hakuna aliyechemsha maji ya kunywa. Joto la kaskazi likishika, watu walikwenda kisima cha juu, chenye maji matamu ya baridi, wakanywa wakamshukuru Mungu. Kisima hicho kilichimbwa na mababu wa watu wote. Wote, nasema! Hata babu yake Mize, mwanamke mjane aliyekaa pembeni mwa mji na binti yake mdogo, Mboja.

Mwaka mmoja vuli haikunyesha, maji yakapungua. Jumbe Machano, mkubwa wa mji, akakifunga kisima. Mbiu ikapigwa: "Maji ya baridi ni ya Jumbe! Atakayekutwa nayo, chombo chake kitavunjwa!" Watu wakaambiwa wakateke bondeni, kwenye kidimbwi cha maji ya chumvichumvi, yenye uvundo. Na punda wa Jumbe je? Walinyweshwa kisima cha juu! Punda anywe, mtoto wa mtu afe kwa kiu. Haya ni mambo gani?

"Aliye juu mngoje chini," wakasema wanaume, wakainamisha vichwa.

Mize akasonya. "Nimngoje hadi lini? Hadi mwanangu azikwe?"

Kwani Mboja alikuwa amelala mkekani, tumbo linamwendesha, macho yameingia ndani. Mize alikuwa akiteka maji ya bondeni, akiyatia mtungini na kumpa mwanawe kidogo kidogo. Nanyi mnaujua mtungi: maji ukiyalaza humo, hupoa yenyewe. Wakapita walinzi wa Jumbe, mmoja akatia mkono mtungini.

"Baridi haya! Umeiba!"

"Nimeyateka bondeni, baba. Mtungi ndio umeyapoza. Yaonje, yana chumvi!"

Walikuwa na haja gani ya kuonja? Waliupiga mtungi teke, ukapasuka, maji yakanywewa na mchanga mbele ya mtoto mgonjwa. Mize hakulia. Alisimama, akawaambia, "Kumbe kosa ni baridi? Vyema. Baridi hamtaikuta tena kwangu."

Akarudi bondeni akateka mengine. Akainjika chungu jikoni, akakoka moto kama anayepika karamu. Ili kuua ule uvundo akatia majani ya mchaichai na kipande cha tangawizi, akayaacha yatokote hasa. Akamnywesha Mboja yakiwa bado ya moto. Majirani wakamcheka: "Mize karukwa na akili! Joto lote hili anakunywa moto!" Lakini jasho likamtoka mtoto, upepo ukampiga, mwili ukapoa. Kesho yake tumbo likatulia. Akaomba uji, na Mize ndipo alipolia.

Waliocheka wakaja na vyungu vyao. Mji mzima ukafuka moshi mchana. Walinzi wakarudi, yule yule akatia mkono chunguni bila kuuliza. Loo! Alipiga ukelele, kila mtu akasikia.

"Vipi, mwanangu," Mize akamuuliza, "ni ya baridi hayo?"

Huko juu nako punda walikuwa wamekivuruga kisima kwa matope na kinyesi. Nyumba ya Jumbe ikashikwa na tumbo, mkubwa kwa mdogo. Haukupita muda Jumbe Machano mwenyewe akaja kwa Mize, kajishika ubavu, midomo imekauka, akiomba hicho wanachokunywa wenzake. Watu wakamwambia Mize amfukuze. Hata mimi ningemfukuza, msinidanganye.

Mize akamjazia kikombe. "Mimi sikunyimi, Jumbe. Kunyima maji ni kazi yako."

Jumbe akakipokea, kikamuunguza vidole. "Nipoozee kidogo, mama."

"Baridi uliikataza wewe."

Akanywa hivyo hivyo, mbele ya watu wote, akipuliza na kutoa machozi, jasho likimtiririka hadi kifuani. Upepo ulipompiga, akashusha pumzi. Kisha akaagiza punda waondolewe na kisima kifunguliwe.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni! Kisima kilisafishwa kikarudi kuwa cha wote, ila vyungu havikuipuliwa. Majani ya chai yalipoletwa na wafanyabiashara, yaliukuta mchaichai umeshatangulia jikoni. Ndiyo maana hadi leo, joto likizidi, Makubuni tunachemsha. Na apitaye mlangoni tunamwita "karibu chai," hata awe ametudhulumu, kwa kuwa kumnyima mtu kinywaji ni kufanana na Machano.